Rangi ya Kiungo na Siri ya Muulizaji



Wanafunzi wetu wapenzi, pamoja na wazazi na walezi wetu watukufu. Katika toleo hili tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkastaajabu kulikuta katika jarida la madrasa, nalo ni siri ya mtu anaposoma katika intaneti. Mtatwambia, "Maalim na mambo ya kompyuta, wapi na wapi?" Tunaomba mtuvumilie hadi mwisho, kwani upande mmoja wa jambo hili tunaujua vizuri, na tulianza kuujua kabla ya simu kuingia mifukoni mwenu.

Sisi tunaofundisha tuna kazi mbili. Ya kwanza inaonekana, nayo ni ile ya ubaoni. Ya pili haionekani, nayo ni kupokea masuali ya watu. Darsa inapomalizika na wenzake wakishaondoka, mara nyingi hubaki mmoja anayejifanya anatafuta kandambili zake. Huyo ana suali. Ataanza kwa kusema, "Maalim, kuna mtu kaniuliza," nasi tunafahamu kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe. Huuliza juu ya hedhi iliyopindukia siku zake, juu ya deni lililomshinda, juu ya talaka iliyotamkwa kwa hasira, au juu ya maradhi asiyothubutu kumwambia hata mwenzake wa nyumbani. Suali la namna hii tunalipokea kama amana. Hatulipeleki barazani hata kwa kulificha jina, kwani katika mtaa mdogo suali lenyewe humtaja mwenyewe.

Siku hizi wengi wa waulizaji hao hawabaki tena nyuma. Wanaiuliza simu. Hatulioni hilo kuwa ni aibu, kwani mwenye haya naye anahitaji kujua. Lakini inatupasa tuulize: je, chombo hicho kinaichunga amana hiyo kama inavyostahiki?

Skripti ni nini?

Kivinjari ni ile programu tunayofungulia kurasa za intaneti, kama vile Firefox, Chrome na Safari. Zamani ukurasa ulikuwa ni maandishi na picha tu. Mwaka 1995 kijana mmoja wa kampuni ya Netscape huko Marekani, Brendan Eich, alitunga kwa muda wa siku kumi hivi lugha ya amri ambayo baadaye iliitwa JavaScript. Tangu hapo ukurasa ukaweza kubeba ndani yake amri ndogo ndogo, ziitwazo skripti, ambazo kivinjari chako huzitekeleza mara tu unapoufungua ukurasa. Ndizo zinazofanya ramani isogee na fomu ikukumbushe kwamba umesahau kuandika jina.

Faida yake ni kubwa, lakini izingatiwe kwamba amri hizo ni za mtu mwengine, nazo zinafanya kazi ndani ya chombo chako. Ni mgeni aliyeingia ukumbini. Kwa sababu hiyo wataalamu waliweka mpaka tangu mwanzo, kwamba skripti ya tovuti moja isisome mambo ya tovuti nyengine. Mgeni akae ukumbini, vyumbani asiingie.

Ufa ulikuwa wapi?

Bila shaka mmeona kwamba kiungo ambacho hamjakibonyeza huwa na rangi ya buluu, na mkishakitembelea hugeuka zambarau. Ni msaada mzuri, ili mtu asirudie njia aliyokwisha pita. Na hapo ndipo ulipokuwa ufa.

Skripti haikuruhusiwa kusoma orodha ya kurasa ulizozitembelea. Lakini iliruhusiwa kuuliza jambo dogo lisilo na ubaya wowote kwa nje: kiungo hiki kina rangi gani? Basi mwenye tovuti aliweza kuficha katika ukurasa wake viungo vingi sana usivyoviona kwa macho, kisha skripti yake ikakiulizia kila kimoja rangi yake. Kilichojibiwa zambarau, umekitembelea. Haya yote yalifanyika kwa muda mfupi mno, nawe unasoma habari zako bila kujua.

Mfano wake ni mtoto mdogo aliyeachwa mlangoni. Si mwongo wala hana nia mbaya. Akipita mtu akamuuliza, "Mama yuko wapi?" atajibu, "Kaenda hospitali." "Hospitali ipi? Kwa daktari gani?" Naye atasema yote anayoyajua. Kivinjari kilikuwa mtoto huyo. Mwaka 2002 wataalamu walikwisha kulieleza tatizo hili hadharani, lakini miaka ikapita bila ya kupatikana dawa, kwani kila dawa ilionekana kuiondoa na ile faida ya rangi.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walizichunguza tovuti 50,000 zilizokuwa zikitembelewa zaidi duniani, wakathibitisha kwamba 46 kati yao zilikuwa zikiwapeleleza wasomaji kwa njia hii. Kisha Disemba 2012 Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani ilitangaza shauri lake dhidi ya kampuni ya matangazo iitwayo Epic Marketplace. Tume ilieleza kwamba tangu Machi 2010 hadi Agosti 2011 kampuni hiyo ilikuwa ikiangalia kama watu wamezitembelea tovuti kati ya zaidi ya 54,000, huku ikiwa imewaahidi kwamba haiangalii nje ya tovuti za mtandao wake. Na ilitafuta nini? Nani amesoma juu ya ugumba, nani juu ya kukoma hedhi, nani juu ya kushindwa kuzuia haja, nani juu ya madeni na kufilisika. Shabaha ilikuwa kuwaletea matangazo. Shauri lilimalizika kwa makubaliano, kampuni ikaamriwa iache na iziharibu habari ilizozikusanya kwa njia hiyo.

Ndugu zetu, itazameni tena orodha hiyo. Tulipoisoma sisi tulishituka, kwani karibu yote ni yale yale tunayoulizwa kwa sauti ya chini baada ya darsa. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana, na katika Suratun Nur, aya ya 27, tumefundishwa tusiingie nyumba za watu mpaka tupate idhini. Wale hawakupiga hodi.

Dawa iliyopatikana

Mwaka 2010 mtaalamu wa Mozilla, David Baron, alieleza dawa ambayo Firefox iliichukua, na vivinjari vyengine vikubwa vikaipita njia hiyo hiyo. Wewe unaendelea kuiona zambarau kwa macho yako, lakini skripti ikiuliza hujibiwa kila mara kana kwamba kiungo hakijatembelewa.

Mwanafunzi wetu mmoja alipoelezwa haya aliuliza, "Ustadhi, huo si uongo?" Ni suali zuri. Tulimwambia afikirie mtu anayetunza siri. Akiulizwa mambo ya uongo akajibu "hapana", na akiulizwa la kweli akajibu "sisemi", basi amekwisha sema. Ili siri ikae, jibu lazima liwe moja kwa masuali yote. Kivinjari hakimpi muulizaji habari ya uongo ajengee mambo yake. Kinamnyima habari, naye anajua kwamba ananyimwa. Huko ni kusitiri. Na wataalamu walikwenda mbele zaidi, wakahakikisha kwamba hata muda wa kujibu usitofautiane, kwani anayesita kidogo kabla ya kujibu naye amejitoboa.

Hata hivyo ufa haukuzibika wote, na watafiti waliendelea kugundua hila mpya za kuijua rangi ile. Mwaka 2025 Chrome, katika toleo lake la 136, iliongeza kinga nyengine: kiungo hukuonyesha kuwa umekipitia ikiwa tu ulikibonyeza ukiwa katika tovuti hiyo hiyo. Yaani habari za nyumba moja hazipelekwi tena nyumba ya pili. Tangu 2002 hadi hapo ni zaidi ya miaka 20 kwa ajili ya rangi ya kiungo tu! Basi tusidharau mambo madogo.

Tufanye nini?

Kwanza, simu au kompyuta ikikutaka usasishe kivinjari, usikawie. Dawa ya mwaka 2010 haikumfaa aliyebaki na kivinjari cha zamani.

Pili, ukitumia kompyuta ya watu wengi, fungua dirisha la faragha, na ukimaliza toka katika akaunti yako na ulifunge. Lakini ujue mpaka wake: dirisha hilo haliachi orodha ndani ya chombo kile, wala halikufichi mbele ya tovuti unayoitembelea au mwenye mtandao.

Tatu, tovuti ikiomba ruhusa ya kujua ulipo au kutumia kamera, soma kwanza. Kama hukuielewa sababu yake, kataa. Wewe ndiye mwenye nyumba.

Nne, tunawaelekea wazazi. Baadhi yenu mmetuletea simu za watoto mkitaka tuwatazamie walichokuwa wakisoma kwa siri. Tunafahamu hofu yenu, na malezi ni wajibu wenu. Lakini tumekuwa tukiomba mtoto awepo, simu iwe mbele yake, na aelezwe mapema kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa. Mtoto anayelindwa kwa uwazi hurudi kuuliza. Anayepelelezwa hujifunza kufuta alama tu, na siku ya shida ya kweli hana wa kumwendea. Tukiwalaumu wafanyabiashara kwa kuchungulia bila idhini, nasi tujiangalie ndani ya nyumba zetu.

Na nyinyi wanafunzi, mkishika simu ya mwenzenu ili kupiga mara moja, pigeni na mrejeshe. Alichokisoma jana hakikuhusuni.

Wabillahi tawfiq.