Katana chini ya mvua: namna tulivyokunja hema yetu

Juma hili tunawaletea habari ya safari yetu ya Katana, tulikokwenda kusaidia kikundi cha wamama wenzetu waliofiwa. Tulipeleka sufuria, viti na hema yetu kubwa, ile inayotukinga katika arusi na vilio vyote vya kartie yetu.

Tulitoka Bukavu asubuhi ya siku ya posho, wote ndani ya kamio moja. Barabara inaelekea kaskazini, ziwa Kivu likiwa upande wa kuume, inapita Miti na Kavumu, penye kiwanja cha ndege. Upande wa kushoto mlima Kahuzi, wenye urefu wa metre 3.308, ulikuwa umejifunika mawingu. Mtu wa kwetu akiona Kahuzi imejifunika hahitaji redio. Mvua yetu inaanza mwezi wa 9 na hainyamazi mpaka mwezi wa 5, na sisi tulikuwa katika mwezi wa 4.

Katana walitupokea kwa machozi na kwa bugali, sombe na sambaza. Tulisimamisha hema, tukalala tumekaa pamoja na wafiwa. Kesho yake, kisha saa nane, watu walipoanza kuagana, mvua ikashuka. Dereva akapiga honi: alitaka kuondoka mbele ya barabara kuharibika.

Hapo tulitazamana. Mwaka jana, katika arusi moja, mvua ilitukuta vilevile. Tulikunja hema mbiombio, tukaifunga kwa kamba na kuitupa nyumbani kwa mama mmoja mwenzetu anayetuchungia vyombo. Kisha juma mbili tuliifungua: harufu mbaya, madoa meusi, na kitambaa kinapasuka kwa kidole. Tulitoa feza za likelemba kununua viraka. Na tulimlaumu yule mama, mpaka akaacha kuja katika mikutano. Safari hii alikuja, juu mfiwa ni dada yake mdogo.

Ni yeye aliyemwambia dereva: «Baba, utuvumilie nusu saa.» Kisha akatuonyesha kazi.

Kwanza tulilegeza kamba, maana kamba ya katani ikilowa inajikaza na kuvuta kitambaa. Tukasukuma maji yaliyotuama juu ya hema kwa fimbo iliyofungwa kitambaa nchani, ili isitoboe. Tukaondoa kuta za pembeni mbele, paa tukaliacha mwisho, tupate pa kujikinga tukiwa tunapanga viti na sufuria. Chini tulitandika shitingi, ili paa likishuka lisiguse matope. Hema yenye maji ni nzito sana: tulikuwa wamama wanane, wawili kila pembe. Tulikunja upande wa nje uliolowa ukitazamana na upande wa nje, ili ndani kusilowe. Hatukufunga kwa nguvu. Vyuma na vigingi tukavitia katika gunia lao, maana vikikaa ndani ya kitambaa vinakitoboa, na kutu yake haitoki.

Akatuambia tena neno moja ambalo tunataka kila mama alishike: kukunja chini ya mvua si kosa, kosa ni kuiacha vile. Hema iliyolowa ifunguliwe kesho yake, isingoje juma.

Tulifika Bukavu usiku, tumelowa. Asubuhi ya siku ya kwanza mvua ilikuwa ingali inanyesha. Tulitandaza hema chini ya baraza, tukaipangusa matope kwa maji safi na burashi laini, bila sabuni kali. Tuliigeuza asubuhi na jioni. Siku ya tatu jua lilitoka, tukaianika juu ya kamba penye upepo. Tulipima mishono kwa mkono, maana mishono ni minene, ndiyo inayokauka mwisho. Ilipokauka kabisa tukaikunja, lakini si katika mistari ya zamani, maana kitambaa kinapasuka penye kukunjwa kila mara.

Siku ile ile tuliketi na yule mama. Tulikumbuka kwamba usiku wa arusi ile, sisi sote tulikimbilia kamio, na yeye akabaki peke yake na mzigo ambao mtu mmoja hawezi kuufungua. Hema ilioza mikononi mwetu wote. Tulimwomba msamaha mbele ya mukutano. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Nilikuwa naogopa kuwaita.»

Toka juma hili, kila hema inapotoka, wamama wanane wanaandikwa katika daftari: wanane wa kuikunja, na wanane hao hao wa kuianika. Siku ya posho inayokuja kuna arusi. Majina yamekwisha kuandikwa. Mama, utazame kama lako limo, na uje na burashi.