Porini Bila Kutafuta Kuni

Tucson, jangwani Arizona, machipuko hayamsubiri mtu. Mwezi Machi unapanda Sabino Canyon mchana. Juni, saa tatu asubuhi tu jua limeshakufukuza. Ndiyo maana matembezi ya hadhara huanza alfajiri.

Mei nilimwalika jirani, mama aliyekuja kama mkimbizi kutoka Kivu. "Porini tunaenda kutafuta nini, kuni?" Halafu, kwa sauti ya chini: kwao porini ndiko walikojificha. Sikuwa na jibu.

Alikuja lakini. Ua la saguaro, dungusi refu kama nguzo ya umeme, hufunguka usiku, popo wakanywa utamu wake. Kesho yake mchana limejifunga. Akauliza kama tunda lake linaliwa. Linaliwa, nikamwambia, watu wa Tohono O'odham hulivuna Juni kwa fito ndefu. Hapo akasogea karibu, akataka nimweleze upya.