Barua kutoka Leeds: "Quite" ya Mwingereza

Mpwa wangu,

Unauliza kwa nini mwalimu wenu anasema "red" na "very" yote ni vikumushi, halafu hilo la pili analitenga. Hajakosea. Neno au fungu la maneno linaloongeza habari juu ya jingine ni kikumushi: gari jekundu, gari la jirani, gari lililoegeshwa nje. Ukiyafuta hayo, hujui tena ni gari lipi. Kitia mkazo, kama hilo "very", ni cha ukoo huohuo, ila habari mpya hakileti. Kinakuta sifa imeshatajwa, kinapandisha au kinashusha kiwango chake. Ndiyo maana chai huwa "very hot", lakini gari haliwi "very parked". Na kushusha nako kumo: Randolph Quirk na wenzake, katika sarufi yao nene ya mwaka 1985, waliweka "slightly" kundi moja na "very".

Sisi tumezoeshwa vibaya na "sana". Mzuri sana, napenda sana, pole sana, haichagui. "Very" inagoma kukaa na kitenzi: husemi "I very like", unasema "I really like". Tena sifa iliyokwisha kufika kileleni haiitaki. "Excellent" hutaka "absolutely". Usishangae, maana hata kwetu kitu ni cheusi tii na cheupe pee, wala hakuna anayesema cheupe tii.

Chimbuko la "very" ndilo linalonifurahisha. Ilitoka Kifaransa cha kale ikiwa na maana ya "kweli", ikachakaa ikabaki kuwa "sana". Leo "really" inapita njia ileile. Wazee wa huku watakuambia umekuwa "awfully kind", neno lililobeba hofu zamani. Vijana wa Dar wanaosema embe ni tamu balaa wataelewa upesi kuliko profesa.

Linalowaponza wageni ni "quite". Mwingereza akisema kazi yako ni "quite good", mara nyingi anamaanisha si haba, ungeweza kujitahidi zaidi. Mmarekani akitamka maneno hayohayo, amekusifu. Lakini jambo likiwa "quite impossible", wote wawili wamefunga mlango: haliwezekani kabisa. Sifa inayofuata ndiyo inayoamua, pamoja na sauti ya msemaji, na hiyo sauti haimo kitabuni. Nimeona watu wakitoka ofisini wanachekelea kwa "quite" ambayo mimi ningeilalia macho.

Kuhusu "too", usiifanye kuwa "sana". Chai ikiwa "very hot" utaipuliza na kuinywa. Ikiwa "too hot", hainyweki. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa huku kwamba mkewe ni "too beautiful" kwa nia ya kumsifia, atangoja umalizie: mzuri kupita kiasi, mpaka ikawaje?

Mjomba wako,
Leeds