Mizani, Mrututu na Msumari

Mwezi uliopita tulimzika mwalimu aliyenifundisha kemia. Mimi mwenyewe nilistaafu mwaka jana, miaka 60 imetimia, basi niyaseme yangu ningali nayakumbuka.

Utoto wangu hauna marefu: Ugweno, mbuzi, kuni, shule ya msingi, kisha bweni. La kukumbuka ni moja. Babu mzaa mama alikuwa wa ukoo wa Washana, wahunzi, na kila mvua iliponyesha, nyuma ya nyumba yake yalichomoza mavi ya chuma, mabonge meusi yenye matundu. Tuliyatumia kurushia ndege.

Kidato cha Tatu nikakutana na mwalimu huyo wa kemia, Mizani. Ndilo jina tulilompa. Siku ya ridaksheni hakuandika kitu ubaoni. Alipima unga mweusi wa oksaidi ya shaba, gramu 8, akautia katika bomba la kioo, akapitisha haidrojeni huku akiuchoma kwa taa ya spiriti. Wekundu ukaanzia upande ule gesi inakoingilia. Upande wa pili matone ya maji yakatambaa kwenye kioo. Ulipopoa akapima tena: 6.5.

“Hesabu inadai 6.4,” akasema. “Hiyo pointi moja haijaiva.”

Hapo ndipo alipotupa neno. Ridaksheni ni kupunguza, akasema, na uzito ndio uliopungua: mtapo huingia tanuruni mzito, metali hutoka nyepesi. Nikawakumbuka wazee wa babu, waliochota mchanga mweusi wa chuma mitoni wakauchoma kwa mkaa na mivukuto. Gesi ya mkaa iliipora oksijeni, chuma kikabaki. Kumbe yale mabonge yalikuwa masalia ya somo hili hili.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu, nikapangwa shule moja na mkuu wa idara aliyekuwa na njia yake. “Elektroni ni deni,” aliwaambia wanafunzi. “Anayepewa deni, mali yake imepungua. Oksidesheni kupoteza, ridaksheni kupata. Kariri, twende.” Walifaulu, sikatai. Lakini ukimuuliza mmoja wao kwa nini aliyepata aitwe aliyepunguzwa, anatazama dari. Isitoshe, neno lina umri mkubwa kuliko elektroni. Mkemia Lavoisier, aliyelitumia, alikatwa kichwa mwaka 1794. Thomson akaja kuigundua elektroni mwaka 1897. Jina la babu hulielezi kwa habari za mjukuu.

Siku moja mkuu huyo akaja ofisini kwa walimu na glasi ya maji ya mrututu, yaani salfeti ya shaba, rangi yake ya buluu inang'aa, na msumari wa inchi nne uliosuguliwa kwa msasa. Akanipimisha msumari, akautumbukiza. Dakika haikwisha, ukavaa shaba nyekundu. Baada ya nusu saa akautoa: “Pima tena.” Ulikuwa umeongezeka gramu 0.3.

“Haya, Mizani mdogo, ridaksheni imetokea. Nini kimepungua?”

Ofisi nzima ikacheka. Nami jibu sikuwa nalo.

Nililipata baada ya wiki, na halikunifurahisha. Kila gramu 56 za chuma zinazoyeyuka, gramu 63.5 za shaba huganda mahali pake. Oksijeni haihusiki kabisa. Kilichopungua ni chaji ya shaba, kutoka +2 hadi sifuri, na chaji haipandi kwenye mizani. Kwa hiyo nakubali: mizani hukufikisha mlangoni tu, ndani unahitaji elektroni. Ila mlango kwanza! Ninyi walimu vijana mnawarusha watoto dirishani, halafu mnashangaa hawajui wameingia nyumba gani. Msiniambie maabara haina vifaa. Mrututu upo kwa wauza pembejeo, msumari upo kila duka. Na mkipata haidrojeni, iacheni kwanza ifukuze hewa yote bombani ndipo muwashe moto. Mimi niliharakisha mara moja, na kovu la kioo kilichopasuka ninalo kwenye kidole gumba mpaka leo.

Mkuu wangu wa idara alikuja mazishini, anatembelea fimbo. Tulishuka pamoja kutoka makaburini, kimya. Tulipofika barabarani akasimama.

“Ule msumari, mwalimu.”

“Gramu 0.3,” nikasema.

“Ulikuwa umelowa, bwana. Hatukuukausha.”