Njahi Si ya Sahani Tu

Wasee, najua wengi wenu hamtaki kusikia njahi. Kwa sherehe mnaisukuma kando mkitafuta nyama. Leo naitetea, na sababu ni pesa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo yangu ilikuwa inatoka kwa maziwa ya ng'ombe wawili wa mathe, huku Murang'a. Shida ni kwamba pesa ya maziwa ilikuwa inarudi dukani kununua chakula cha ng'ombe. Sasa ni zamu ya dadangu mdogo kusomeshwa na ng'ombe hao hao, na sitaki hesabu ijirudie.

Hesabu yenyewe iko hivi. Mahindi humpa ng'ombe nguvu, lakini protini yake ni kidogo, na mabua makavu ndiyo kabisa. Protini isipotosha, maziwa hupungua. Kile tunachofuata dukani hasa ni hiyo protini. Sasa njahi, maharagwe na kunde zina protini hadi kwenye majani, kwa sababu bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi huchukua naitrojeni hewani. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, na hakuna anayekuletea bili.

Msimu huu tumepanda njahi katikati ya mistari ya mahindi, robo ekari. Mahindi yalitangulia wiki mbili, maana njahi hutambaa na inaweza kuyalemea. Punje zikikaribia kukomaa, zikiwa bado laini, tutakata vyote pamoja, tukatekate, tushindilie ndani ya karatasi ya plastiki hewa isiingie, tuache kama wiki sita. Hiyo ndiyo sileji. Njahi peke yake haichachi vizuri kwa sababu sukari yake ni kidogo, lakini mahindi yanayo. Kila mmea unaziba pengo la mwenzake.

Mathe aliuliza swali moja tu: "Na sisi tutakula nini?" Ni swali la haki. Robo hiyo haitatupa unga. Ndio maana shamba lililobaki tumeliachia ugali. Dukani bado tutaenda, ila nataka twende na pesa kidogo kuliko zamani, ile nyingine ibaki ya karo.

Kama kwenu kuna ng'ombe, usikimbilie kuwaambia wazazi wamuuze wanunue bodaboda. Kwanza uliza anakula nini, halafu uangalie nafasi iliyo kati ya mistari ya mahindi.