Fonie ikifungwa, nani anabaki?



Tarehe 30 mwezi wa tisa mwaka 2025, kampuni moja ya Marekani iitwayo AOL ilizima huduma yake ya zamani ya intaneti, ile iliyopita kwenye waya wa simu ya nyumbani. Kompyuta ilipiga namba kama mtu anavyopiga simu, ikalialia kidogo kwenye waya, halafu ikaingia. Ikiwa imeingia, watu wa nyumba hiyo hawakuweza tena kupiga simu mpaka itoke. Huduma hiyo ilianza mwaka 1991, imekaa miaka 34. Kijana wangu aliponisomea habari hiyo alicheka: kumbe bado kulikuwa na watu wanaotumia kitu hicho? Walikuwepo. Hesabu ya serikali yao ya mwaka 2023 ilikuta nyumba zaidi ya 160,000 ambazo njia yao ya intaneti ilikuwa hiyo tu.

Hapa kwetu Fizi waya huo hatukuujua. Simu za waya za OCPT zilikuwa mambo ya miji mikubwa, na hata huko zilikufa. Sisi tulikuwa na fonie.

Wamama wa umri wangu mnaikumbuka, lakini mabinti hawaijui, kwa hiyo niieleze. Ni redio ya kusema na kusikia. Inakula batri ya gari, batri inajazwa na paneli ya jua, na waya wake mrefu unafungwa juu kati ya miti miwili. Mwenye fonie anakaa mezani na daftari lake. Unabonyeza kifungo unasema, unaachilia, ndipo mwenzako anajibu. Mkisema pamoja hakuna anayesikia. Kuna saa sauti ilifika safi kama mtu amekaa nyuma ya ukuta, na kuna saa ilikuwa kelele tupu, kama mafuta yanayokaanga ndagala. Siri haikuwepo. Ukiita Kalemie, watu wa Uvira na Bukavu wanasikia pia. Kwenye fonie nilisikia bei ya dhahabu, mtoto kuzaliwa, deni la mahari, na siku moja mwanaume akimkana mke wake mbele ya Kivu yote.

Tulilipa, na haikuwa rahisi. Lakini mwenye fonie alijua watu. Sauti ikiita "namtafuta mama wa fulani", alituma mtoto mbio hadi shambani, na mama akaja na mikono yenye udongo. Hakuhitaji kusoma. Hakuhitaji namba, wala chaji, wala kuwa na kitu chochote mfukoni isipokuwa zile franka za kulipa dakika zake.

Celtel ilianza Kongo mwaka 2000, Vodacom mwaka 2002, lakini zilianza mijini. Kwetu tulipanda kwanza vilima kutafuta rezo, mkono mmoja juu, kama mtu anayeomba mvua. Mnara ulipotukaribia, wafanyabiashara wa dhahabu ndio waliohama wa kwanza. Nao ndio waliokuwa wanalipa dakika nyingi. Wateja wa fonie wakapungua mpaka wakawa wawili, watatu kwa siku. Mwenye fonie akauza batri, akashusha waya kwenye miti, akaenda kutafuta maisha kwingine. Simlaumu kwa kufunga. Batri haijazwi na huruma. Lakini alifunga Jumatatu, na hakuna aliyejua Jumapili.

Mama mkubwa wangu alikuwa na mtoto Kalemie. Walikuwa na siku yao, Alhamisi moja kwa majuma mawili, asubuhi. Alhamisi hiyo alifika akakuta mlango umefungwa, akakaa kwenye ngazi. Aliambiwa fonie imekwisha, akasema sawa, na Alhamisi nyingine akaenda tena, kwa sababu mtoto wake hakuambiwa imekwisha. Kule Kalemie naye aliita Misisi, Misisi haijibu. Mnajua miaka ile kijiji kisichojibu kilikuwa na maana gani. Hakuna aliyefikiri habari ya batri.

Baada ya miezi minne dereva wa lori alileta barua kwa baba yangu. Mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti, na mama mkubwa amekaa palepale anachambua sombe. Mtoto wake alikuwa anauliza mama alizikwa wapi, na kama kuna msalaba. Alisema wamekwisha kukaa kilio siku tatu, wamechinja mbuzi.

Mama mkubwa alicheka kwanza. Akauliza mbuzi alikuwa mkubwa? Halafu akaacha sombe akaingia ndani, na jioni hiyo hakula bugali.

Tulichanga tukamnunulia simu ndogo ya tochi, pamoja na majirani wawili waliokuwa na watoto mbali. Namba ya Kalemie tuliiandika ukutani kwa makaa. Mpaka alipokufa, kweli sasa, alimaliza kila simu kwa kusema "termine" kama kwenye fonie.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo lililo mbele yetu. Katika AVEC yetu mabinti wameleta wazo kwamba kuanzia mwezi ujao tuache kutembeza barua za mikutano na tuache makaratasi, matangazo yote yapite WhatsApp, na akiba iwekwe kwa M-Pesa kwenye simu ya mmoja wetu. Wana haki katika mengi. Kutembeza tangazo toka nyumba hadi nyumba kunakula siku nzima, na wakati wa mvua kunakula mbili. Barabara nayo, hata tusiiseme. Tuhame. Mimi si mtu wa kulilia fonie.

Ila nilihesabu kabla ya kupiga kura. Sisi ni 25. Wenye simu za kugusa ni 9, na mbili kati ya hizo kwa kweli ni za waume: mume akienda kwenye mashimo, simu inakwenda naye. Wenye simu ndogo za tochi ni 11. Watano hawana kitu. Tukihama mwezi ujao kama ilivyosemwa, tunawapeleka wanawake 16 kukaa kwenye ngazi ya mlango uliofungwa.

Wengine wanasema tusubiri Starlink, maana serikali iliikataza mwaka 2024, halafu mwezi wa tano 2025 ikaipa ruhusa. Ni kweli, na ni jambo jema kwa anayeweza kununua chombo chake. Lakini sahani ile inaleta intaneti hadi ukutani mwa butike. Haiweki simu mkononi mwa wale watano.

Simu ya tochi tusiidharau. WhatsApp haiwezi, lakini M-Pesa inaweza, kwa sababu inapita kwa kubonyeza nyota na namba bila mega hata moja. Kwa hiyo wanawake 20 kati yetu wanaweza kutuma na kupokea pesa leo hii. Shida yangu na M-Pesa ni nyingine. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu wasiokaa nyumba moja. Tunafungua mbele ya wote, tunagonga mhuri kwenye vitabu mbele ya wote. Simu ya mtu mmoja ina namba moja ya siri. Hata huyo mtu akiwa malaika, simu inaibiwa, mume anauliza, mtoto anagonjeka usiku. Na uniti zilizoliwa na kodi ya RAM toka mwaka 2020 hadi ilipoondolewa 2022, dolari 1 kwa simu ndogo na 7 kwa zile kubwa, wamama hawajazisahau. Mama anayeogopa kitu kinachokatwa asikokiona si mjinga.

Basi ninaleta haya kwenye kikao. Sanduku libaki, na M-Pesa itumike tu kwa aliye safarini, pesa ziingie sandukuni siku hiyohiyo. Matangazo yaende WhatsApp kwa sauti, kwa Kiswahili na Kibembe, si kwa maandishi. Hapo asiyesoma anasikia mwenyewe, kama zamani. Kila mwenye simu ya kugusa apewe jirani zake wawili wa kuwafikishia, kwa majina, yaandikwe. Barua za mkono ziendelee miezi mitatu sambamba. Na kila mmoja wetu awaambie watu wake wa Baraka, wa Kalemie, wa Nyarugusu, namba gani itamtafuta baada ya hapo, kabla hajatupa kadi ya zamani.

Katibu amekubali kuongeza mstari kwenye daftari: mama huyu anapatikana kwa njia gani. Njoeni Alhamisi saa nane na simu zenu, hata zisizo na chaji. Wale watano tutawapitia nyumbani Jumatano. Wa nyuma ya soko, karibu na mashine ya kusaga, nimemchukua mimi.