Hakuna msiba, tunakwenda kuangalia kisiwa

Huku kwetu Ludewa mtu hasafiri bure bure. Ukionekana stendi na begi, swali la kwanza siyo "unakwenda wapi" bali "kuna nini?" Na majibu yanayokubalika yanajulikana: msiba, mgonjwa, harusi, shule, biashara au kesi mahakamani. Ukijibu kwamba unakwenda kutembea tu, watu wanakutazama kama umechanganyikiwa au umeiba pesa za watu.

Mpenzi msomaji, mwezi wa kumi mwaka jana mimi na wenzangu watano tulikodi boti. Boti nzima, yetu peke yetu, siku tatu. Hatukwenda kununua dagaa wala hatukwenda kuzika. Tulikwenda kuangalia kisiwa. Na kwa kweli shughuli ya kueleza hilo kwa watu ilikuwa nzito kuliko safari yenyewe!

Najua ukisoma kurasa kama hizi, kisiwa maana yake ni Unguja. Mtu anakodi boti Mji Mkongwe, anakwenda Changuu kuwaona kobe, ambao ukoo wao uliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Watu wa Dar es Salaam nao wanajirusha Mbudya na Bongoyo, wanakula samaki wa kuchoma, jioni wako nyumbani. Mwenye pesa za ajabu anakwenda Mnemba, kisiwa kizima hoteli moja.

Sisi wa milimani tunasoma, tunameza mate, tunafunga gazeti. Halafu tunageuka upande wa magharibi na kulitazama Ziwa Nyasa kama mtu anavyotazama ukuta wa jirani.

Hilo ni ziwa la tatu kwa ukubwa Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Kina chake kinafika kama mita 700. Aina za samaki waliomo ni nyingi kuliko za ziwa jingine lolote duniani. Na visiwa vipo. Upande wetu wa Ludewa ni mlima na maji, lakini ukishapita mdomo wa mto Ruhuhu unaingia Wilaya ya Nyasa, mkoa wa Ruvuma, na huko kuna Hongi, Puulu, Lundo na vinginevyo vidogo vidogo. Likoma na Chizumulu ni vikubwa zaidi, ila hivyo ni vya Malawi ingawa viko karibu kabisa na Msumbiji. Huko uende na pasipoti, usiende na ujanja.

Basi tukachanga. Elfu themanini kila mmoja, jumla laki nne na elfu themanini. Wengine walitoa mshiko wa parachichi, mwingine wa saluni, mimi nilidunduliza ujira wa makala zangu. Kabla ya hapo ilibidi nimwambie mama.

Mama yangu amezaliwa Manda, ziwani kabisa. Lakini alipanda huku Ludewa mjini kabla mimi sijazaliwa, na tangu hapo ameshuka mara mbili tu, zote kwa misiba. Sababu nyumbani tunaijua ingawa haizungumzwi. Kaka yake mkubwa alitoka usiku kwenda kuvua, akiwa na mtumbwi wa gogo, upepo ukageuka. Mtumbwi ulipatikana. Yeye hakupatikana.

Nilimkuta anachambua maharage. Nikamweleza yote: boti, siku tatu, kisiwa. Hakupiga kelele hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Lile ziwa ndilo kaburi la mjomba wako," alisema. "Watu hawaendi kutalii makaburini, mwanangu."

Sikuwa na la kujibu. Mama mdogo ndiye aliyenisaidia, maana yeye alikuja na makelele, na makelele yanajibika. Akaleta MV Bukoba ya mwaka 1996, akaleta MV Nyerere ya mwaka 2018 iliyopinduka Ukara ikiwa imekaribia kabisa gati. Nikamwambia MV Nyerere ilijazwa watu kupita uwezo wake, sisi tuko sita kwenye boti ya kubeba mizigo. Akahamia kwenye hoja ya pili: binti hujaolewa, unakwenda kulala Liuli kwa sababu ya mawe? Wanaume wangapi humo? Nikamwambia wawili, mmoja ni mtoto wake mwenyewe. Hapo akanyamaza.

Mama alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akasema neno moja la sharti: "Boya ulivae ukiwa bado mchangani. Usingoje kuingia majini."

Ukishuka kutoka Ludewa mjini kwenda Manda, barabara inazunguka zunguka na hewa inabadilika. Juu umevaa sweta, chini unatafuta kivuli. Tulifika mchana tukaanza kutafuta boti.

Mwenye boti wa kwanza alikuwa na maneno matamu na bei poa. Tukamuuliza majaketi okozi mangapi. Akasema mawili, lakini tusiwe na wasiwasi kwa kuwa yeye anaogelea vizuri. Tukamshukuru, tukaondoka. Kuogelea kwake kutanisaidia nini mimi ambaye hata kwenye beseni nazama?

Wa pili alikuwa mzee mmoja mwenye boti ya mbao, injini imepachikwa nyuma. Majaketi manane, mepesi kwa kuchakaa lakini mazima. Tukamwamkia, tukapatana.

"Mzigo mnapakia saa ngapi?" akauliza.

"Hatuna mzigo, babu."

"Kuna msiba Liuli?"

"Hakuna msiba. Tunakwenda kuangalia kisiwa."

Akatutazama mmoja mmoja. Akasema kwa desturi anahesabu boti yake kwa magunia ya dagaa, kwa hiyo safari hii atabeba magunia sita yanayoongea. Zaidi ya nusu ya pesa yetu ikaenda kwenye petroli, iliyobaki ikawa yake na kijana wake.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Babu alisema asubuhi ziwa ni lako, mchana si lako. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane ndiyo usiseme: unavuma upepo wa kusini-mashariki, ambao wenzetu wa Malawi wanauita Mwera, na mawimbi yanakuwa ya bahari kabisa. Mwezi wa kumi huwa umepoa, lakini haujafa.

Jaketi nililivaa mchangani. Wenzangu walinicheka hadi tulipofika mdomo wa Ruhuhu, boti ikaanza kuchezacheza. Hapo kila mtu akalitafuta la kwake kimya kimya.

Nyuma yetu milima ya Livingstone ilikuwa bado nyeusi. Jua lilipotoka, maji yaligeuka rangi ambayo mimi nilidhani inapatikana kwenye kalenda tu. Mbali kidogo tuliona kitu kama moshi kimesimama juu ya ziwa, mrefu, unajipinda. Nikadhani kuna boti inaungua. Babu akacheka: ni vijidudu, wanazaliwa ziwani kwa mamilioni na kupaa pamoja. Baadhi ya watu wa kando ya ziwa hili huwakusanya, wakawakanda na kuwapika kama mkate. Hatukuonja, na hatukuomba.

Baada ya mwendo wa saa tano na ushee tukaingia Liuli. Kitu cha kwanza unachokiona ni Pomonda, jiwe kubwa majini mbele ya bandari. Wajerumani waliona linafanana na lile sanamu la Misri lenye mwili wa simba, wakapaita mahali pale Sphinxhafen. Mimi niliona linafanana na bibi aliyekasirika, lakini sikuulizwa.

Pale ndipo yalipofanyika mapigano yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Guendolen ilikuja kutoka upande wa Malawi, ikaikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Wakaipiga. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hata hajasikia kwamba vita imeanza! Na manahodha hao wawili walikuwa wakifahamiana vizuri kabla ya hapo. Nilisoma hadi kidato cha nne, vita hivyo tulivifanyia mtihani, na hakuna aliyeniambia vilipita jirani.

Hapo hapo Liuli pana kaburi la William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyelizunguka ziwa hili miaka mingi, akafariki mwaka 1928. Mwenzake, Askofu Chauncy Maples, hakupata bahati ya kaburi la uzeeni. Yeye alizama katika ziwa hili hili mwaka 1895, boti yake ilipopinduliwa na dhoruba. Nilimfikiria mjomba. Ziwa haliulizi cheo.

Siku ya pili ndiyo tukaenda Hongi. Nisikuchoshe kwa sifa: ni mawe makubwa, miti, maji maangavu kama gongo. Lakini ukiinama pembeni ya boti unaona samaki wadogo wa rangi rangi wakizunguka mawe, vidole vyako havifiki lakini macho yanafika. Sasa sikia hili. Samaki hao huko Ulaya na Marekani wanafugwa sebuleni katika matangi ya vioo, na mmoja wao wafugaji wanamwita "Hongi", jina la kisiwa hiki hiki. Kuna mtu Ujerumani hajawahi kufika Afrika na jina la Hongi analitaja kila asubuhi akilisha samaki wake. Mimi niliyezaliwa mlima wa pili nilikuwa silijui.

Tulikuta wavuvi watatu wanaanika nyavu. "Kuna nini?" wakauliza. Tukawaambia. Wakacheka ile mbaya. Mmoja akasema vizuri, msimu ukiisha na wao watapanda milimani kuja kuangalia viazi vyetu. Tukawaambia karibuni, na tulikuwa hatutanii.

Siku ya tatu tulitaka kwenda Lundo kabla ya kurudi. Babu akasimama ufukweni, akatazama mstari mweusi uliokuwa mbali juu ya maji, akasema haendi Lundo wala Manda. Vijana wetu wawili wakawaka: tumelipa!

"Mmelipa boti," akasema. "Upepo hamjaulipa."

Hata saa moja haikupita ziwa likawa jeupe kwa mapovu. Hakuna aliyetaja tena habari ya kulipa.

Kazi ikawa kumwambia mama kwamba siku tatu zimekuwa nne. Nilimpigia nikiwa natetemeka. Akasikiliza. Akauliza nahodha ni wa ukoo gani, kisha akasema nimpe simu. Wakaongea Kimanda, muda mrefu, babu akiwa ametupa mgongo akitazama maji. Aliponirudishia simu alisema tu, "Mama yako anauliza sana." Waliyoongea hakuniambia, na mama naye hajaniambia mpaka leo.

Tulirudi alfajiri ya siku ya nne, ziwa limelala kama mkeka.

Nilipofika nyumbani mama aliniwekea ugali, akakaa kitako mbele yangu. Hakuuliza kuhusu mawimbi. Aliuliza: "Kisiwa chenyewe kikoje?" Nikamweleza mawe, samaki, wavuvi, bibi aliyekasirika. Akasema walipokuwa wadogo kaka yake alikuwa akimwahidi kumpeleka Liuli kuliona jiwe la Pomonda. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akimtaja mjomba bila kutaja kifo chake. Halafu akauliza boti ile inabeba wangapi.

Nimeshamwekea elfu themanini yake pembeni.

Sasa wewe msomaji unayetaka kujaribu, yashike haya. Jikusanyeni, maana boti ya kukodi peke yako ni ya tajiri, lakini ya watu sita ni ya watu kama sisi. Hesabu majaketi okozi kabla ya kuhesabu pesa, na uyajaribu kifuani. Patana bei ya petroli mbali na bei ya boti. Ondoka alfajiri. Ongeza siku moja ya upepo kwenye ratiba, na pesa ya kula ya siku hiyo. Nahodha akisema haiwezekani, kaa chini unywe chai. Na ukitaka milima badala ya visiwa, elekea kaskazini, Lupingu, Makonde hadi Lumbila, ambako mlima unaingia majini moja kwa moja na akina mama wa Kikisi wanafinyanga vyungu vinavyosifika ziwa zima.

Ukiulizwa stendi kuna nini, jibu ukweli. Watakucheka kidogo. Halafu atatokea mmoja atakayekuuliza kwa sauti ya chini mlichanga shilingi ngapi.